Uji wa Waridi

Busi, Kondoa
Jumapili, 18 Agosti 2024

Kaka yangu mpendwa Abdulswamadu,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Natumaini huko Mpanda unaamka salama na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi huku tuko hai. Wazima sisemi, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Nilipokupigia Jumatano ulinicheka, ukasema nina njaa ya chapati, ukakata simu. Barua huwezi kuikata. Nimeificha kwenye kifurushi cha unga anachokutumia mama.

Unajua tangu Februari daktari wa Dodoma amenikataza ngano, maana utumbo wangu haupatani nayo. Mwezi wa kwanza niliteseka. Asubuhi nikipita soko la Majengo, pale Dodoma ninapoishi, harufu ya maandazi ikinifikia, machozi yananilengalenga, mtu mzima mimi. Halafu hamu ikakatika yenyewe. Hata soda ikawa tamu mno, kama dawa ya kikohozi. Nikabaki na hamu ya ugali wa uwele na mlenda, vitu nilivyokuwa navikimbia tangu utoto, wewe ukinilia sehemu yangu na kunishukuru. Tumbo likatulia. Ulimi nao ukaamka, siku hizi chumvi ikizidi kidogo tu naijua.

Basi nilipofika hapa mwezi uliopita, tonge la kwanza la ugali wa mahindi ya mama lilinipa uchungu nyuma ya ulimi, na harufu ya gunia lililonyeshewa. Wengine walikuwa wanakula tu. Mama akasema kuacha ngano kumeniharibu ulimi, nimekuja na maringo yangu ya mjini. Nikadhani labda kweli.

Kesho yake niliingia stoo. Kaka, mwaka huu mvua iliyakuta mahindi yameanikwa chini uani. Yale yaliyoota ukungu mama aliyaosha, akayaanika tena, akayachanganya na mazima, kwa sababu mwaka ni mbaya na chakula hakitupwi. Simlaumu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini hiyo ni sumukuvu, ile bwana shamba aliyokuja kutueleza, haitoki kwa maji wala kwa moto. Kuku tisa waliolishwa pumba zake wamekufa. Mama anasema ni kideri.

Sasa sikiliza habari za mwanao. Macho ya Waridi yameingia umanjano, na tumbo limejaa wakati mikono inakonda. Mama anasema mtoto amepungukiwa damu, kwa hiyo amemwongezea uji. Wa unga uleule, asubuhi na jioni. Nilipomwomba nimpeleke hospitali, alinijibu, "Huyu si wako. Baba yake aliniachia mimi, na baba yake hajasema kitu." Na kweli, hujasema.

Mimi naogopa, kaka. Na wewe unajua mimi si mwoga.

Kifurushi kitakufikia Jumanne jioni. Mpigie mama usiku huohuo, mwambie neno moja tu, Waridi akabidhiwe mimi Anifa. Alhamisi alfajiri kuna basi la Dodoma. Usipopiga nitamchukua hivyo hivyo, na mama hatanisamehe mpaka nife, lakini sitaki kumwiba mwanao kama kuku. Ukishamaliza la Waridi, mkataze na yeye kula mahindi ya yale magunia. Neno lako analisikia, langu analiona kelele.

Na huo unga usiupike. Usimpe mtu, usiwape hata kuku wa jirani. Chimba shimo uufukie.

Msalimie sana baba mdogo Mbwana. Mama naye anakusalimu. Unga wako ameupepeta mwenyewe siku mbili, anakuombea huku anapepeta, na hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko yote.

Nilitaka kuishia hapa, lakini kuna jambo limetokea leo asubuhi, bora ulijue. Wiki ile niliyofika, Waridi alikuwa anasukuma kikombe na kusema, "Shangazi, uji mchungu." Nilifurahi, nikajua siko peke yangu. Mama akasema ananiiga. Wiki ya pili akawa anakunywa nusu, uso ameukunja. Ya tatu akamaliza. Leo nimedamka kabla ya mama, nikamchemshia uji wa uwele nilionunua mwenyewe, safi, nikautia na karanga. Alionja mara moja, akautema. Akaniambia mchungu, anataka ule wa bibi.

Mungu akufikishie barua hii kabla hujawasha jiko, na akulinde huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Anifa