Nazi za Mkwezi si Wizi, Salim

Salim, mwanangu wa kunyonya,

Huna haya! Salamu sikuletei, maana salamu ni za mtu anayemjua mama yake. Mjukuu wangu Juma umemtia rumande Kwale kwa nazi kumi na mbili, na mshahara wake wa miezi miwili umeukalia huko Mombasa. Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, ndizo nilizofundishwa. Sikuifunga. Atakayeileta aisome, na walio dukani kwako waisikie.

Umesahau, nikukumbushe. Ulipozaliwa pale Msambweni, mama yako alishikwa na homa, maziwa yakakatika. Baba yako alikuja mlangoni kwangu amekubeba kwa kanga, kilemba kimemlegea, akasema, "Binti Mwinyi, usiponisaidia, huyu hafiki Ijumaa." Nilikuwa na Hamisi wangu mchanga. Nikamweka yeye huku, nikakuweka wewe kule. Na ulikuwa unauma, hata bila ya meno! Ulipokua ukamtaka binti yangu Zainabu, ukaambiwa haiwi, huyo ni dada yako, mmenyonya ziwa moja. Siku hiyo ulikubali. Basi Juma, mwana wa Hamisi, ni nani wako? Wewe ni ami yake. Ami gani anamfunga mtoto?

Mume wangu alikuwa mkwezi wa baba yako. Kila mnazi aliokwea, nazi moja ilikuwa yake, ndiyo ada ya shamba lile. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, wewe na Hamisi mnagombania machicha, na wewe ndiwe mlafi. "Mama, nipe tena." Zilikuwa nazi za nani zile? Za mkwezi! Kama ni wizi, nawe panda kizimbani, umezila miaka. Baba yako alikuwa akisema, "Anayeiweka shingo yake juu ya mnazi haombi idhini ya nazi moja." Yeye alikuwa bwana. Wewe una shamba tu.

Juma amekukwelea miaka mitatu. Akapata kazi Diani, kwenye nyumba za Wazungu, akaenda kwa msimamizi wako kuaga kwa adabu na kudai haki yake. Akaambiwa asubiri. Siku ya mwisho akakwea minazi kumi na miwili, akatia nazi zake kapuni, akapita mchana kweupe mbele ya msimamizi huyo huyo. Akamwambia, "Nisipolipwa, nitakwenda serikalini, kwa Bwana wa Kazi." Hapo ndipo nazi zikageuka wizi! Polisi wakamuuliza, "Umezichukua?" Mtoto hakulelewa kusema uongo. Akajibu, "Nimezichukua, ni zangu." Wakaandika neno la kwanza, la pili wakaliacha, wakasema amekiri.

Nilimwendea msimamizi wako kwa miguu, na magoti haya. Shikamoo hakunipa.

"Bibi, rudi nyumbani. Hiyo ni sheria."

"Ilikuwa wapi miaka mitatu? Ilikuwa imelala kwako?"

"Usinigombeze mimi. Bwana Salim ametia saini mashtaka mwenyewe."

Nilikaa chini, pale pale mchangani. Nilidhani wamekudanganya, kumbe ni mkono wako. Mkono nilioufundisha kushika tonge.

Sikulii, usijisifu. Nina hasira, na hasira yangu ina haya ndani yake, maana watu wananiuliza, "Si wewe uliyemlea?" Hamisi ametangulia, Mungu amrehemu, la sivyo angekuja kukukamata kwa kanzu yako. Jumatatu Juma anasimama mbele ya hakimu. Hakimu hajui ada ya mkwezi. Nikisema mimi, ataona kizee anamtetea mjukuu wake. Atakayesikilizwa ni mwenye shamba, basi. Ukinyamaza, mtoto anakwenda jela kwa mali yake, na huko Diani hawatamngoja.

Sasa nisikilize. Jumapili vuka Likoni, ulale Kwale. Asubuhi ingia kortini kabla hajaitwa, useme kwa kinywa chako kwamba nazi zile ni zake na kesi umeifuta. Kisha mlipe mkononi, mbele ya watu. Usimtume karani. Njoo wewe.

Mama yako, upende usipende,
Bibi yake Juma