Nimeitikia Hodi Isiyokuwa Yangu

Mpendwa Shangazi Irene, nakuomba unishike mkono kabla Ijumaa haijafika, kwa sababu nimeolewa miezi minne tu na nina furaha ambayo sijui hata niiweke wapi, na kwa vidole vyangu mwenyewe nimefanya jambo linaloweza kuivunja.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma hadi kidato cha nne, nina miaka ishirini na minane, nauza manukato katika duka moja la Al Rigga. Mume wangu nitamwita Nabhan, na mimi niite Kuruthum, majina nimebadilisha. Nabhan ana miaka arubaini na saba, ni fundi wa kompyuta, asili yao Unguja lakini amezaliwa hapa hapa Dubai, na hakuwahi kuoa kabla yangu, ndugu zake walishamkatia tamaa. Alikuja dukani kutengeneza mashine ya kadi, madam wetu amemsimamia kichwani akimharakisha, "Yalla, yalla, khalas?" naye akajibu kwa upole, "Khalas, madam," yaani tayari, kisha akanigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, "Mashine imepona. Fundi ndiye sasa anaumwa." Shangazi, nilicheka mpaka madam akanitoa nje. Tukaoana mwaka haujaisha.

Tunaishi Rashidiya na mama yake mzazi. Wiki ya pili ya ndoa alinifungulia chumba cha nyuma, nikakuta kompyuta ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na pembeni yake kijisanduku chenye taa nyekundu ambacho yeye hukiita modemu. Akaniambia, "Hapa ndipo ujana wangu ulipoishi." Nikadhani anatania. Kumbe alipokuwa kijana, kabla ya hizi simu za kiganjani za kuchezea, alifungua humo mahali akapaita Barazani. Ukitaka kuingia unapiga simu ya nyumba yao kwa kompyuta yako, na kompyuta mbili zinasalimiana kwa sauti. Hiyo sauti ananiigizia kwa mdomo tukinywa chai asubuhi, kwanza kama mtu ananoa kisu, halafu kama paka wawili wamefungiwa kabatini, halafu puu, kimya. "Kimya hicho ndicho utamu," ananiambia. "Maana yake umefika kwa watu."

Nilishangaa sana, Shangazi, na bado nashangaa. Laini ilikuwa moja, kwa hiyo waliingia mmoja mmoja. Mtu anapiga, anasoma walioandika wenziwe, anaandika yake, anatoka ili mwingine apate nafasi, na akikuta simu inatumika anangoja. Maneno yenyewe yalitokea kwenye kioo mstari mmoja mmoja, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Walikuwa watu sitini hivi, wa Dubai, Sharjah, Al Ain, wengine mpaka Maskati, wengi hawakuwahi kuonana uso kwa uso, na humo ndani walitafutiana kazi, walitafutiana ndugu waliopotezana, walitegana mafumbo, walizikana. Yupo mama mmoja na bwana mmoja walibishana siku arubaini nzima kama mkate wa kumimina unataka iliki au hautaki. Siku moja mama akaandika, "Samahani nimechelewa, umeme ulikatika jengo letu, lifti imekwama na kuku wangu ndani ya mfuko." Bwana akajibu, "Huyo kuku ni wako? Mimi ndiye niliyekwama naye." Walikuwa wanaishi jengo moja kule Al Baraha, ghorofa moja, miaka mitatu! Wote wawili wazima mpaka leo, na suala la iliki halijaisha.

Haya yote nimeyasoma mwenyewe, kwa sababu Nabhan hakufuta hata neno moja. Siku hizi Barazani haitumii simu, ameiunganisha na intaneti, na wamebaki watu kumi na mmoja wanaopita mara moja moja. Mimi siku zangu za mapumziko nakaa humo na kikombe changu mpaka chai inapoa, nasoma mume wangu alivyokuwa ana miaka kumi na tisa, na nampenda upya. Sisi leo tuna makundi ya watu mia nne kwenye simu na mtu akitoka hatujui. Wale mtu akikosekana siku mbili wanaulizana.

Sasa nikueleze sheria yao maana ndiyo iliyoniponza. Ukiwa mgeni Barazani, au umepotea siku nyingi, huingii tu ukaanza kusema. Unaandika "Hodi", unatoka, unasubiri. Atakayeingia baada yako anaandika "Karibu". Ukirudi ukakuta karibu yako, ndipo unaweka maneno yako. Nikaona ni adabu nzuri kuliko zote duniani, mtu kubisha hodi kwa waya wa simu.

Katika kusoma nikakutana na hodi moja isiyo na karibu. Nikaenda mbele nikaikuta tena, mtu yule yule, na tena, na tena. Kila Idi ya kumaliza mfungo, mara moja kwa mwaka. "Hodi. Ni mimi Amour wa Al Ain. Idi njema." Mwaka unaofuata, "Hodi. Nimepata mjukuu." Halafu, "Hodi. Sukari imenishika miguu." Halafu, "Hodi. Mke wangu ametangulia mbele ya haki." Shangazi, nilizihesabu zikafika ishirini na tano, na hakuna aliyemwitikia hata moja. Machozi yalinitoka. Nikasema moyoni, masikini mzee wa watu, wamemsahau. Nabhan alikuwa kazini na Barazani ameniachia wazi kwa jina lake, kama kawaida, "soma utakavyo, malkia wangu." Basi nami, kwa furaha ya ndoa yangu iliyokuwa inamwagika, nikaandika chini ya hodi ya mwisho neno moja tu. Karibu.

Haikupita saa moja likaja jibu, kumbe mzee hupita kuchungulia kila siku. Nimelinakili kwenye karatasi, nalileta kama lilivyo: "Nabhan ndugu yangu. Nimeisoma mara kumi, nikamwita binti yangu naye aisome, nisije nikawa naota. Ijumaa hii baada ya sala ataniendesha mpaka kwako Rashidiya. Sitaki kitu. Nataka kukaa na wewe tu." Na namba yake ya simu.

Nikafurahi mno! Nikamwendea mama mkwe jikoni, nikamwuliza kama mzaha, "Mama, Amour wa Al Ain ni nani?" Mama akaacha kuchambua mchele.

"Weye jina hilo umelitoa wapi?"

"Nimelisoma tu, mama."

"Basi ukilisoma tena lipite. Usilitaje mbele ya mwanangu."

Nikamng'ang'ania, ndipo akanihadithia. Amour alikuwa rafiki wa Nabhan kuliko wote. Kila mtu aliruhusiwa nusu saa, kisha kompyuta inamtoa yenyewe, lakini Amour peke yake Nabhan alimpa ruhusa ya kukaa bila kikomo. Siku moja mwaka elfu mbili, Nabhan yuko kazini, Amour akaingia Barazani akiwa ametoka zamu, usingizi ukamchukua pale pale kwenye kiti chake kule Al Ain, na laini ikabaki wazi. Mchana huo baba yake Nabhan akaanguka sokoni, akapelekwa hospitali, wakapiga nyumbani.

"Mie nipo hapa hapa nakaanga samaki," mama akasema, "na simu haikulia hata mara moja. Nilipotaka kumpigia dada yangu nikanyanyua, nasikia yule mdudu wao analia ndani. Nikaiweka. Mara tatu nimenyanyua, mara tatu nimeiweka. Ati ningeng'oa waya tu. Sikujua. Habari ililetwa na jirani wakati wa magharibi, na wale wauguzi wakanambia alikuwa akiniita mpaka mwisho."

Mama akarudi kwenye mchele wake. "Barazani mtu asipojibiwa hodi yake, wenyewe wanajua, hatakiwi. Ndiyo hukumu yao. Mie Amour nishamsamehe zamani, lakini mlango ule si wangu."

Kwa hiyo hawakumsahau, Shangazi. Walikuwa wanamnyima kwa makusudi miaka ishirini na mitano, na mimi wa miezi minne nimemfungulia kwa jina la mume wangu. Nikarudi chumba cha nyuma, nikafuta karibu yangu, nikafuta na jibu la Amour kabla Nabhan hajarudi. Jioni akaja na maua ya asumini kwenye karatasi, akaniuliza, "Leo umemsoma nani?" Nikamwambia nimesoma mafumbo. Ndiyo uongo wangu wa kwanza kwake.

Moyo wangu mwingine unaniambia ninyamaze, Ijumaa mlango ugongwe, waonane ghafla, wakumbatiane, walie, na nyumba yetu iwe na baraka. Naiona kabisa, nimeshapanga hata nitakachopika. Mwingine unaniambia Nabhan ataniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. Nimpigie mzee wa watu nimwambie asije? Nimwambie mume wangu? Au nimwachie Mungu? Nampenda mume huyu mpaka naogopa.

Kuruthum, Rashidiya

SHANGAZI IRENE ANAJIBU

Kuruthum mwanangu, hongera ya ndoa. Barua yako nimeisoma nikacheka kwa yule kuku, kisha nikaiweka chini nikakukasirikia. Leo ni Jumatano, kwa hiyo nisikilize haraka.

Mumeo alikuruhusu kusoma. Nani alikuruhusu kuitikia? Wewe umelelewa Tanga, unajua hodi inaitikiwa na mwenye nyumba. Mgeni aliyeketi sebuleni, hata akiwa mwema vipi, hapazi sauti "karibu" mwenye nyumba akiwa kimya, kwa sababu hajui kimya kile kimebeba nini. Hilo ni kosa la kwanza, na ningekusamehe, maana lilitoka kwenye huruma. La pili ni zito zaidi. Ulifuta. Mwanamume hakufuta neno hata moja tangu ana miaka kumi na tisa, wewe ukafuta mawili kwa mchana mmoja, kisha ukapokea asumini na uongo mdomoni.

Hiyo ndoto ya mlango kugongwa na watu kukumbatiana, itoe kichwani. Unapanga kupika pilau juu ya kifo cha baba wa mtu. Nabhan akifungua mlango ghafla akamkuta Amour, lolote atakalomtamkia, Amour atalibeba mpaka kaburini, na mumeo hatamsahau aliyemtega. Na huyo mzee usimpigie leo. Ukimfukuza kwa siri utakuwa umemwitikia na kumfukuza, mara zote mbili kwa jina lisilo lako.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani hulijui. Kuna mtu anayemchukia mwenzake akaacha kumfuta? Nabhan ndiye mwenye mitambo. Angeweza kumzuia Amour asiandike hata herufi. Badala yake kila Idi amemwachia nafasi, amezihifadhi hodi zote ishirini na tano, za mjukuu, za miguu, za mke. Amezisoma zote, wala usidhani hakuzisoma. Na nani alimpa Amour ruhusa ya kukaa bila kikomo? Mchana ule Amour alilala, mama yako mkwe hakujua kung'oa waya, na Nabhan ndiye aliyemwondolea kikomo cha nusu saa. Watu watatu wamebeba jeneza moja kila mmoja peke yake, na sidhani kama wamewahi kukaa chini wakaambiana. Hilo si lako kumwambia. Nakueleza ili ukiona uso wake umebadilika usidhani unakuchukia wewe.

Fanya hivi. Leo hii akirudi kutoka kazini, kabla hajakuuliza umemsoma nani, mpeleke chumba cha nyuma, ufunge mlango. Mama asiwepo, asije akalazimika kumtetea mmoja wenu. Mpe ile karatasi uliyonakili. Mwambie: "Niliandika karibu kwa jina lako. Sikujua. Amour amejibu hivi, anakuja Ijumaa. Nikaogopa nikafuta, na jioni ile nilikudanganya." Maneno hayo yanatosha. Usimwambie amsamehe mtu. Wewe hukumjua marehemu.

Akisema hapana, hiyo ni haki yake, na simu ya Al Ain utaipiga wewe, kesho Alhamisi mchana, kwa sauti yako na jina lako, umwambie mzee kwamba mkosaji ni wewe na umwombe radhi. Itauma. Ipige hivyo hivyo, asije akasafiri bure na miguu ile. Akisema ndiyo, Ijumaa wafungulie, weka chai, chukua mama mkwe mkakae ndani, na usije ukamwambia jirani yeyote kwamba ni wewe uliyewapatanisha.

Jambo la mwisho ndilo litakalokushinda, kwa jinsi ninavyokuona ukiandika. Ukishampa karatasi, usilie, usijieleze, usimwite mfalme wako. Litakalotoka kwanza kinywani mwake litakuwa hasira, na hasira ile umeichuma, ipokee. Kisha atanyamaza, pengine kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Usiujaze ukimya huo na neno lako hata moja. Kaa hapo pembeni yake mpaka aseme mwenyewe.