Kimono ya Mzimu

Kyoto, 2 Juni 1968

Bibi yangu, shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Sisi tu wazima. Baba bado anashika taa studio ya filamu. Bibi, nimepata kazi ya filamu! Mimi ndiye mzimu: mjomba ananifungia kwenye ghala la mchele, nakufa, narudi kumtisha. Wananipaka uso mweupe mpaka Baba mwenyewe karuka. Agosti itafika sinema ya hapo kwenu. Nenda ukaitazame, tafadhali. Wengine watanisifu tu; wewe utaniambia kama nimeweza.

Mjukuu wako,
Chizuru

Ayabe, 11 Juni

Mjukuu wangu, marahaba. Magoti yananilalamikia, nami nayalalamikia. Hongera kwa kazi, na mwambie baba yako hana akili kukuruhusu. Mzimu si huvalishwa kimono kama maiti, upande wa kulia juu ya kushoto? Mama yako nilimvalisha hivyo kwa mikono hii, wewe hujaota hata meno. Mtoto wake sitaki kumwona amevaa vile, hata kwa mchezo. Sitakwenda. Usinune. Nakutumia plamu za chumvi ule na wali.

Bibi yako

Kyoto, 7 Julai

Bibi, shikamoo. Hujambo na joto? Plamu kazimaliza Baba. Barua yako iliniliza, lakini sikiliza. Tukio la mwisho, mzimu anasimama mlangoni mwa ghala. Fundi wa mavazi alinivalisha kimaiti. Nikaenda chooni, nikajifunga upya haraka haraka, na mikono ikafanya ulivyoifundisha: kushoto juu, kama walio hai. Kwa moshi wanaopuliza ili mzimu atishe, hakuna aliyeona. Jana walipoitazama filamu, mwongozaji akapiga kelele, "Nani kamfufua huyu mtoto?" Ghala limeshabomolewa, kurudia haiwezekani. Fundi hasemi nami. Naona aibu, ila nimefurahi. Mwishoni nimevaa kama watu, Bibi. Utakwenda?

Mjukuu wako,
Chizuru

Kyoto, 9 Agosti

Bibi, shikamoo. U mzima? Filamu imetoka na hujanijibu. Umenikasirikia?

Chizuru wako

Ayabe, 17 Agosti

Chizuru wangu, marahaba. Mimi mzima, na sikukasirika, niliogopa. Jana jirani yangu Kiku alinivuta mkono mpaka sinema. Ulipotokea na uso ule nikafumba macho. Watu mayowe, Kiku ananichimba kucha. "Fumbua, bibi wee, ndiyo mwisho huo!" Nikafumbua. Umesimama mlangoni, kushoto juu ya kulia, mkanda umepinda kama siku zote. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Waongo nyie! Huyo yu hai, mjukuu wangu huyo!" Ukumbi mzima ukacheka, mwenye sinema akaniomba ninyamaze.

Umeweza, mtoto. Mkanda ujifunze kuufunga. Sikukuu ya Bon, wafu wetu wanapotutembelea, ilikuwa inaisha, kwa hiyo usiku nikamwashia mama yako taa ya kumsindikiza, nikamsimulia yote, na nilicheka mbele yake kwa mara ya kwanza tangu atuache.

Kesho naenda tena kukuona.

Bibi yako