Jani la Sale Upande wa Pili wa Kioo

Shikamoo Bibi,

Mama atakusomea kadi hii, mwambie asiharakishe. Kampuni ya utalii imenileta kuona Wajerumani wanavyotembeza wageni kwa meli mtoni. Leo tumeshuka kwenye mji wa kale, nyumba zake zimeinama hadi zinakaribia kugusana vichwa. Ukungu ulipanda kutoka mtoni, nikapotezana na wenzangu. Mchana kweupe, Bibi, na njia nzima haina mtu wala mbwa.

Ndipo nikaona sale dirishani. Sale kama lile la mpakani mwa shamba letu, limepandwa kwenye chungu! Nikasogea hadi pumzi yangu ikatia ukungu kioo. Nilipokifuta, bibi kizee alikuwa amesimama nyuma ya mmea, ananitazama. Akachuma jani, akalipiga fundo taratibu, akafungua mlango, akanipa kwa mikono miwili. Ni vile vile ulivyompelekea Shangazi sale lenye fundo ulipomwomba msamaha, naye asiweze kulikataa.

Nikalipokea. Ningefanyaje? Machozi yakamtoka, akarudi ndani, nikasikia komeo.

Nimewakuta wenzangu melini, wanacheka, wanasema ni ua la mapambo tu. Lakini fundo nani alimfundisha?

Jifunike vizuri, baridi ya Ngaramtoni isikuingie kifuani, na uninywee chai ya tangawizi. Nikirudi tukae jikoni sisi wawili tu. Wewe wazazi wako walikusimulia enzi za Mjerumani alipotutawala, utaniambia: nimesamehe nini?

Mjukuu wako,
Ndeshi