Kwa Nini Pikipiki Ilisimama Mikindani

Karisa, rafiki yangu,

Nimekaa, nikainuka, nikakaa tena, ndipo nikaanza kukuandikia. Tangu tukuzike mwili wangu hautulii. Nala nimesimama. Kanisani nasikia nusu ya sala, nusu ya pili niko nje natembea. Lakini leo nina habari yako, na siwezi kulala nayo.

Wewe unajua ulivyokufa. Tulio hai ndio hatukujua. Ulitoka hapa karakanani Changamwe jua lingali juu, ukawa unakwenda kwa mama yako Mikindani. Penye njia ya kwenu ukakata kulia, na katikati ya barabara pikipiki ikasimama. Lori lililokuwa likitoka bara likakukuta papo hapo. Dereva alilia mbele za watu, akasema, "Alisimama mwenyewe. Nilimwona akisimama."

Neno hilo likashika njia. Wengine wakasema ulikuwa umelewa, wewe usiyejua ladha ya tembo la mnazi. Wengine, kwa kuwa Sidi alikuwa amevunja uchumba wenu, wakasema ulitaka kufa. Walinong'ona, lakini mama yako alisikia. Akaacha kuja kanisani. Kila nikienda kumwamkia ananiuliza, "Chengo mwanangu, kwa nini alisimama?"

Pikipiki waliniletea mimi, gurudumu la mbele limepinda. Wazee walitaka nikaitupe baharini. Nikakataa. Unakumbuka ilivyotufikia, vipande ndani ya magunia, kikongwe kidogo alichokiacha afisa wa jeshi Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha? Ulicheka, ukasema, "Huyu mgonjwa, Chengo, si maiti." Tukaiunga wawili sisi, na siku ilipolia ukanikumbatia na grisi yako yote.

Basi nikanyoosha gurudumu, nikaanza kutafuta. Petroli ilikuwamo. Nikaitoa plagi, nikaigusisha chuma, nikapiga kiki: cheche ya buluu, safi. Nikaitegesha kwenye stendi, ikanguruma asubuhi nzima bila kukohoa. Nikaizima kwa hasira. Ungejua nilivyoichukia! Ikiwa haina ugonjwa, basi wanaonong'ona wanasema kweli. Nikatoka nikatembea hadi Jomvu, sijui nafuata nini. Kesho yake nikaifungua upya. Fundi jirani akaniambia nimwache marehemu apumzike. Nikamjibu, "Yeye apumzike. Mimi bado."

Jana mvua ikashuka ghafla, injini inanguruma uani. Nikashika usukani niisukume chini ya mabati, nikakata kulia. Ikazima.

Nikaunyoosha usukani, nikapiga kiki, ikawaka. Nikakata kushoto, inaendelea. Kulia, kimya. Tena kulia, kimya. Mvua inaninyea, nami napiga kelele kama mwendawazimu.

Nikalitoa tangi. Unajua haina ufunguo. Tunaizima kwa kile kitufe cha usukanini, kinachoupeleka umeme wa plagi kwenye chuma ukapotelea huko. Waya wa kitufe unapita chini ya tangi, nyuma ya shingo ya usukani, mahali tulipopakuta pamefungwa tayari, tukapaacha vivyo hivyo. Mpira wake umelika. Ukikata kulia kwa nguvu, kama mtu aingiaye njia ya kwenu, waya unabanwa, shaba inagusa chuma, ni sawasawa na mtu kubonyeza kitufe. Na hilo si jeraha la lori, Karisa. Kingo za mpira zimelainika kwa kusuguliwa, vumbi la zamani limegandamana juu yake. Ulilika kidogo kidogo, hata siku ile ukaisha.

Leo nimeisukuma kwa miguu mpaka kwenu. Mama yako alikuwa anapukuchua kunde. Nikaiwasha, nikamwambia, "Mama, shika hapa, ukate kulia." Aliogopa kuigusa. Kisha akashika. Ikazima. Nikaiwasha, akakata mwenyewe mara ya pili. Ikazima. Akabaki ameushikilia usukani, kichwa ameinamisha.

Akasema, "Kumbe alikuwa anakuja nyumbani."

Halafu akalia, kilio ambacho hakukilia kaburini.

Nilidhani nikijua nitatulia. Sijatulia. Kipande cha mpira kisichofika ukucha! Ningekuwa na mtu wa kupigana naye ingekuwa afadhali.

Jumapili mama yako anarudi kanisani, ameniomba nimsindikize, nami nitakwenda. Kunde zake nitamsaidia kuvuna. Usiwe na wasiwasi naye. Lakini yuko mwingine. Yule dereva naye ana mama, na naye anajiuliza kila siku kwa nini ulisimama mbele yake. Nimesikia huteremsha shehena yake Kongowea. Nitamtafuta nimweleze habari ya waya, na kama amerudi bara nitamfuata huko huko. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Lala, ndugu yangu. Mimi natoka sasa hivi kumwulizia.

Chengo wako