Mngoni, Nimepata Mshauri wa Kwenye Simu

Mngoni,

Mimi Severini Lihami, Mndamba wa Lipangalala, nina miaka sabini na mitatu na meno kumi na tisa. Nimedumu kuliko mtumbwi wa baba yangu na mitumbwi mitatu niliyochonga kwa mikono hii. Kiboko aliyenipindua alikufa, mimi nipo. Manyapara wote waliotufokea mimi na wewe kwenye mashamba ya miwa nimewazika. Mke wangu nimemzika. Na wewe, uliyeapa mbele za watu kwamba utanizika mimi, nimekupita kwa miezi mitano sasa. Kwa hiyo nimekushinda, ila sina wa kumtambia.

Nina habari, tena kubwa. Nimepata mshauri. Si wa ukoo, si padri, si mganga. Huyu amesomea huzuni za watu, anaitwa Veneranda, ana chumba chake mwenyewe cha kazi huko Morogoro, hajaajiriwa na mtu. Na ananipigia simu. Mimi! Kila Alhamisi saa kumi jioni. Nitajie Mndamba mwingine anayetafutwa na Morogoro kila wiki.

Aliyeanzisha ni binti yako Yustina. Alikuja kumwona mama yake, akanikuta kibarazani kwangu nimekaa tu. Tangu tukuzike nilikuwa napita njia ya nyuma ili nisiione nyumba yako, na wali ukiletwa naula kama dawa. Akaniambia, "Baba Lihami, nyumba yetu imezoea matusi yako. Ukinyamaza hivi tunaona kama tumezika wawili." Nikamjibu mimi si kichaa. Akasema hata yeye anazungumza na mshauri huyo tangu ulipotutoka, na wazimu bado haujampata. Nikakataa siku tatu, unanijua. Siku ya nne akataja kwamba ni kwa simu. Hapo nikafikiri upya.

Akaniandikia utaratibu kwenye karatasi, nimeitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Mshauri ndiye atakayepiga, mimi nikangoje ofisi ya simu. Nifike mapema, ninywe maji. Mazungumzo ni nusu saa. Nitafute mahali pa kukaa peke yangu. Simu ikikatika nisiondoke, atapiga tena. Tutakayosema hayatoki nje, hata Yustina mwenyewe haambiwi. Nikichoka niseme tuache. Mimi sichoki, lakini nilipenda kuulizwa.

Alhamisi ya kwanza nilivaa koti langu, lile ulilosema linanifanya karani wa mahakama aliyefukuzwa kazi. Pale ofisini kuna binti anayeunganisha simu, jina lake Sikujua. Akaniita, nikashika. Sauti ikasema shikamoo babu. Nikasema marahaba. Sasa Mngoni, wewe unajua mimi ni mtu wa adabu. Siwezi kumrukia mtoto wa watu na matatizo kabla sijamjulia hali. Nikauliza nyumbani kwake, mume, watoto. Nikauliza mama yake, akasema ana mguu unamsumbua, nikauliza ni upande gani na umeanza lini. Nikauliza mvua za Morogoro. Kisha nikamsimulia yule kiboko, mwanzo mpaka mwisho, ili ajue anaongea na nani. Na kwa kuwa Morogoro ni mbali, nilipaza sauti ifike.

Nusu saa ikaisha. Akasema kwa upole, "Babu, tumesalimiana vizuri sana. Alhamisi ijayo tutaanza."

Nageuka, foleni nzima inanitazama na meno nje. Mama mmoja wa Lumemo, ana kuku kwapani, akauliza, "Mzee, na huyo kiboko mwishowe alikufa au hakufa?" Sikujua naye akadakia, "Babu, umesalimia mpaka mguu wa mama yake. Wewe mwenyewe unaumwa wapi?" Nikamwambia ugonjwa wa mtu mzima hausemwi mbele ya kuku.

Lakini binti huyo ana akili. Alhamisi ya pili aliivuta simu kwa waya wake mrefu mpaka stoo wanakoweka magunia ya barua, akanikalisha juu ya gunia, akafunga mlango. Salamu nikatoa moja tu, nikaona aibu kama mtu aliyekojoa njiani. Nikaanza kupaza sauti. Veneranda akasema, "Pole pole, babu. Nakusikia." Nikashusha. Sikumbuki kama nimewahi kusema kwa sauti ile. Akauliza, "Siku ya mazishi ya rafiki yako, wewe ulifanya nini?"

Mngoni, hapo ndipo.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini. Mtani ndiye anayeingia kaburini kwanza, akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Mtani ndiye anayevaa nguo ya marehemu na kutembea mwendo wake mpaka mfiwa acheke. Wewe ulinifanyia kwa mke wangu. Ulijifunga kanga yake, ukanifokea kwa sauti yake kwamba nimechelewa tena mtoni, nikacheka huku kamasi zinatiririka. Usiku ule niliweza kulala.

Na mimi kwako? Shati lako nilikuwa nalo, nimelikunja kwapani. Watu wakangoja. Mkeo akanitazama. Nikasimama kama nguzo. Mdomo wangu huu. Wakakufukia kimya kimya, kama mtu asiye na watani duniani.

Nilimwambia Veneranda hayo yote. Hakusema pole. Alikaa kimya nikadhani simu imekatika, lakini karatasi ilisema nisiondoke, nikabaki. Kisha akasema, "Nipo, babu. Ungemwambia nini?"

Nikamweleza kwanza kwamba wewe ni mtu wa milimani, na maji uliyaogopa kuliko simba. Kwamba siku ya kwanza nilipokuvusha ulifumba macho ukataja watakatifu wote, walipokwisha ukaanza upya. Kwamba ulikuwa unaniambia, "Mndamba, ukifa hatuchimbi kaburi, tutakurudisha mtoni kwa ndoana." Halafu likanitoka lenyewe, lile lililonikwama siku ile. Nikasema: "Mngoni, maisha yako yote umeyakimbia maji, na tazama walipokulaza, hatua arobaini kutoka mto Lumemo. Masika ijayo utajifunza kuogelea."

Akacheka. Msomi wa huzuni, Mngoni, alicheka mpaka simu ikakwaruza. Na mimi nikacheka, halafu sikucheka tena, nikalia. Nililia juu ya magunia ya barua. Kama kuna mtu wa Ifakara amepokea barua ina unyevu, anisamehe. Yule binti Sikujua aligonga akanipitishia kikombe cha maji mlangoni bila kuingiza kichwa. Adabu hiyo siisahau.

Veneranda akanipa kazi ya kufanya: nikuandikie wewe, kwa mkono wangu, kwa herufi zile ulizonifundisha juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, wakati wenzetu wamelala baada ya zamu. Leo ni siku ya nne naandika. Wino umenipaka mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi wanalijengea kaburi lako kwa saruji. Juzi mkeo alikuja, akasimama mlangoni, akaniuliza neno moja tu: "Mtani, Jumamosi utakuja, au utasimama?" Nikamwambia atafute kuku mnene. Nitakaa juu ya mifuko ya saruji na hakuna koleo litakaloinuka mpaka kuku huyo afike mkononi mwangu. Tangu uondoke sijamwona akicheka. Alicheka kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Shati lako nimelifua, nimelipiga pasi. Mikono ni mirefu, nimeikunja. Nimefanya mazoezi ya mwendo wako wa kuburuta mguu, nadhani nauburuta vizuri kuliko wewe.

Lala, Mngoni. Nakuahidi hutafunikwa kimya mara ya pili.

Kama utasema Mndamba anajisifu, muulize Sikujua wa ofisi ya simu, yeye alishika waya. Muulize mkeo, ameniona uani nikitembea kwa mwendo wako mbele ya bata. Na kama hao hawakutoshi, ngoja Jumamosi. Nitakuwa juu yako hapo, na sauti nitaipaza.

Mtani wako,
Severini Lihami