Baki Ulipo

3 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila masikio yanavuma. Kutwa napokea simu za dharura za mji mzima, ndiyo maana nikitaka kuongea nawe naandika. Simu nimezichoka.

Jumapili tulifanya zoezi la moto kwenye jengo la mafundi cherehani, ghorofa sita, lililo ndani ya kichochoro. Gari la zimamoto lilifika kwa dakika kumi na moja! Fundi mmoja aliyejifanya majeruhi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye machela. Sisi wa simu tumepewa maneno ya kumwambia aliyekwama: baki ulipo, funga mlango, ziba upenyo kwa nguo mbichi, tunakuja. Nimeyashika kama jina langu.

Ungekuwepo ungejivunia, wewe zimamoto wa miaka thelathini.

Bintiyo

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasumbua lakini halijanilaza. Najivunia, usidhani sivyo.

Ila Jumapili? Jumapili kichochoro kama hicho ni kitupu. Hata mimi na goti langu ningefika kwa dakika kumi na moja. Waulize siku ya kazi malori ya vitambaa yanaegeshwa wapi. Na "tunakuja" ni neno zuri kama kweli mnakuja. Mtu wa simu lazima ajue gari liko wapi kabla ya kumwambia mtu abaki. Mwambie mkuu wako.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Nilimwambia mkuu, mbele ya wenzangu. Akasema, "Mzee wako kastaafu, mwache apumzike." Wakacheka wote. Nami nikacheka, Baba. Nisamehe.

Bintiyo

19 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Wiki ya saba hii sijapata barua yako. Juzi redio ilisema jengo la mafundi limeungua, watu watano wamekufa. Napiga simu, hupokei. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako

4 Juni

Shikamoo Baba,

Nipo. Mwili mzima, mengine sijui.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Alinipigia fundi mmoja wa ghorofa ya tano, walikuwa watano chumbani. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu. Akaniuliza, "Dada, ngazi bado haina moshi mwingi. Tushuke?"

Nikamwambia, "Hapana. Baki ulipo, funga mlango. Tunakuja."

Nikamsikia akiwaambia wenzake, "Rudini. Dada wa simu amesema tukae."

Gari lilikuwa limekwama nyuma ya malori. Sikujua, hakuna aliyeniambia. Kila alipouliza tena kama washuke nilimjibu, "Wanakaribia." Dakika thelathini na nane, Baba. Wenzao wa ghorofa ileile walioshuka mapema wako hai.

Sasa kuna uchunguzi. Mkuu ameandaa karatasi inayosema simu ilikatika dakika ya kwanza, kabla sijampa maelekezo yoyote. Rekodi eti imepotea. "Tunakulinda wewe," ananiambia. Mara mbili nimeshika kalamu. Nifanyeje? Na uniambie kweli: ni mimi niliyewaua?

Bintiyo

11 Juni

Mwanangu,

Pole. Sitakudanganya. Una sehemu yako, nao wana yao, na yao ni kubwa zaidi. Ulisema neno ulilofundishwa, nawe uliliamini.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mama yako. Ghala la mbao la hapa kwetu lilipoungua, wewe ukiwa mdogo, bomba la mtaa lilikuwa kavu. Tulijua mwezi mzima kabla. Mlinzi wa ghala akafia ndani. Nikaletewa karatasi inayosema maji yalikuwepo, ila mlinzi alikuwa amelewa. Nilisaini. Mwaka uliofuata wakanipandisha cheo. Mpaka leo nikimwona mjane wake sokoni, nabadili njia.

Usisaini.

Baba yako

30 Julai

Shikamoo Baba,

Sikusaini. Nilisimama mbele ya tume ya uchunguzi nikasema yote, hata kile kicheko. Mkuu muda wote alikuwa akitazama viatu vyake. Wiki hiyohiyo unga ukamwagika. Barua ya kunifukuza inasema nimevujisha siri za ofisi. Yeye bado yupo kitini. Ila malori yameondolewa kichochoroni, na wenzangu wanasema siku hizi hawamwambii mtu abaki kabla ya kuuliza gari lilipo.

Nilikwenda kwa mume wa yule fundi aliyenipigia. Hakunipa kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, pamoja na habari ya ngazi. Kumbe tangu msiba alikuwa ameambiwa mkewe aliishiwa nguvu kwa woga, ndiyo maana hakushuka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo aliomba kushuka?"

"Aliomba, kaka. Mara tatu."

Akakaa palepale kizingitini, akamwita binti yake aliyekuwa ndani. "Njoo usikie. Mama yako hakuogopa." Nikarudia yote upya, yule mtoto akinikazia macho. Nilipofika kwenye maneno yangu mimi, niliyasema vilevile nilivyoyasema siku ile. Waliingia ndani, mlango ukafungwa taratibu.

Wiki ijayo nakuja nyumbani. Tutakwenda kwa yule mjane, wewe na mimi. Nitasimama pembeni yako, Baba, lakini maneno utayasema mwenyewe.

Bintiyo